Barua ya malalamiko: vazi la stara lililonivua nguo Misali

Kikwajuni, Unguja
6 Januari

Kwa Meneja wa Mauzo,
Duka la Mavazi ya Ufukweni,
Mjini Unguja

KUH: VAZI LA KUOGELEA LA RANGI YA MCHANGA NA GAUNI LA "KITANI" NILIVYONUNUA KWENU TAREHE 9 DISEMBA

Assalamu alaykum.

Mimi ni mteja wenu niliyenunua kwa mkupuo mmoja vitu vinne vya shilingi 770,000: burkini mbili za shilingi 185,000 kila moja, gauni refu la shilingi 240,000 na kaftani ya shilingi 160,000. Risiti ninayo. Kwa mtu anayeishi kwa mshahara wa ualimu hizo si pesa za kuokota njiani. Nilizidunduliza tangu skuli zilipofunguliwa Januari ya mwaka jana, kwa sababu nilishamuahidi binti yangu kwamba likizo ya Disemba tutakwenda Pemba, tutaoga kisiwani Misali, na mimi nitaingia majini pamoja naye badala ya kukaa chini ya mvinje kulinda viatu vya watu.

Naanza na lililoniuma zaidi, yaani lile burkini langu la rangi ya mchanga.

Mama yangu aliposikia nanunua burkini aliniuliza kama nahamia Bukini, maana kwake yeye neno hilo ni Madagaska na si kitu chengine. Nikamweleza kuwa ni vazi la kuogelea lililobuniwa Australia mwaka 2004 na Aheda Zanetti, mwanamke Mwislamu mwenye asili ya Lebanoni, baada ya kumuona mpwa wake akihangaika na hijabu kwenye netiboli. Likabuniwa ili mwanamke anayejisitiri asikose michezo wala bahari. Hata wasichana wa Nungwi wamefundishwa kuogelea wakiwa ndani ya mavazi ya namna hiyo. Mama akasema, "Basi kama linasitiri, nunua." Hilo "kama" ndilo ninaloliandikia barua hii.

Kabla ya kulipa nilimuuliza muuzaji wenu, kwa maandishi, kwenye WhatsApp, kama vazi lile lina bitana. Niliuliza kwa sababu nimelelewa chini ya cherehani, na najua rangi nyepesi ikiloa inavyokuwa. Akanijibu: "Mama usijali, hii ni UPF 50." Nikauliza tena, bitana ipo? Akaniletea picha ya mwanamitindo amesimama ufukweni, mkavu kama dagaa, na alama tatu za moyo.

Nikubali kosa langu: nilitakiwa nishtuke hapo hapo. Lakini naomba mumfahamishe kijana wenu kwamba UPF 50 ni kipimo cha jua. Maana yake kitambaa kinapitisha sehemu moja tu kati ya 50 ya ile mionzi inayounguza ngozi. Hakisemi lolote kuhusu macho ya watu. Nguo kavu inastiri kwa kuwa baina ya nyuzi zake mna hewa, na mwanga ukifika hapo hutawanyika. Ikiloa, maji yanajaa pale palipokuwa na hewa na mwanga unapenya. Ndiyo maana vazi la kuogelea la rangi nyeupe, ya maziwa au ya mchanga hutiwa bitana, tena kifuani na kiunoni bitana mbili. Hili si jambo la siri. Mtu anayeuza mavazi ya bahari kwa bei yenu anapaswa kulijua kuliko mimi.

Tarehe 22 Disemba tuliondoka Wesha kwa mashua, mimi, binti yangu, mdogo wangu wa Chake Chake na watoto wake, pamoja na wageni wawili ambao nahodha aliwachukua ili mafuta yalipike. Bahari ilikuwa shwari kama maziwa ndani ya bakuli. Misali mnaijua; kama hamuijui, basi hamujui mnamuuzia nani. Wazee wanasema Nabii Khidhri alitokea pale akawaomba wavuvi msala wa kusalia, wakawa hawana, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa mfano wa msala wake. Mahali pa hadithi kama hiyo mtu haendi kuvuliwa nguo na duka.

Nahodha akatia nanga, akasema, "Bibie teremkeni, maji ya kifuani tu." Nikateremka. Niliogelea, wallahi niliogelea, dakika ishirini hivi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Pemba nzima. Binti yangu alinionesha samaki wa manjano chini ya mawe. Kisha nikaanza kutembea kuelekea ufukweni, maji yakafika kiunoni, na mdogo wangu akapiga ukelele: "Dada, rudi! Kaa chini! Usiinuke!"

Nikadhani kiumbe cha baharini. Nikajitazama. Nguo ilikuwa imenigandama kama ngozi ya vitunguu na kila nilichovaa ndani kilisomeka, hadi rangi na mshono wake. Wageni wale walikuwa watu wa adabu, waligeukia upande wa pili kama walioitwa. Nahodha naye akaanza kuikagua nanga ambayo haikuwa na tatizo lolote. Mdogo wangu akaniletea kanga mbili, nikajifunga ndani ya maji, nikatoka nikitembea kama mgonjwa aliyeruhusiwa leo. Ya juu ilikuwa imeandikwa "Wastara hasumbuki". Watoto wakaisoma kwa sauti, wakacheka mpaka wakalala mchangani. Siku yote iliyobaki nilikaa chini ya mvinje nikilinda viatu.

Burkini la binti yangu, la buluu iliyokoza, halikuwa na kasoro. Lina bitana, zipu yake haikukwama, lastiki ya kofia haikumbana. Silidai. Nalitaja ili msije mkaniambia kwamba mzigo mzima niliuchukia, na pia kwa sababu linaonesha mnajua jinsi nguo hiyo inavyotakiwa kushonwa. Yote mawili yalikuwa na lebo moja na bei moja. Bitana ilitiwa katika moja tu.

La pili ni gauni. Mliliandika kuwa "kitani halisi kwa jioni za joto". Nilitaka kitani kwa sababu Disemba kwetu ni kaskazi, na ukitoka baada ya magharibi kwenda kula chakula cha usiku kwenye hoteli ya ufukweni, tuseme kule Makangale ambako mdogo wangu alitualika usiku mmoja, jua limezama lakini joto halijaondoka. Kitani hunywa jasho na kulitoa, hata kikijikunja hakina neno, mikunjo ya kitani ni heshima yake. Nikalivaa. Kabla supu haijafika mgongo wote umeroa, na nguo imenishika mapajani. Mdogo wangu alikuwa amevaa dera la Darajani la bei ambayo sitaki kuitaja mbele yenu. Alikaa kama malkia.

Niliporudi Unguja nililipeleka kwa fundi wangu wa Mchangani. Hakusema neno. Alichomoa uzi mmoja kwenye upindo, akawasha kibiriti. Kitani kikiungua huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Uzi wenu ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha kidonge kigumu cheusi na harufu ya ndoo ya plastiki. Fundi akanirudishia gauni akisema, "Mwalimu, hii ni poliesta mtupu." Ndani ya gauni pana mabaki ya lebo iliyokatwa kwa mkasi ubavuni, sehemu ambayo kwa kawaida huandikwa aina ya kitambaa. Sitaki kumdhania mtu, lakini naomba maelezo ya mkasi huo.

Kaftani nzuri. Ilichelewa siku tatu, nimesamehe.

Nilipiga simu dukani tarehe 29 Disemba. Niliambiwa na dada mmoja, kwa upole sikatai, kwamba "nguo ya kuogelea iliyovaliwa hairudishwi kwa sababu ya usafi". Sharti hilo nalielewa na hata nalipenda, maana nisingetaka kununua burkini aliyokwisha kuoga nayo mtu. Lakini lisimamishwe mahali pake. Linamhusu mtu aliyebadilisha mawazo, au aliyechagua saizi ndogo kwa kujipendekeza. Kasoro ya vazi langu haionekani kwenye kioo cha dukani wala sebuleni kwangu. Inaonekana likiloa, na likishaloa mnasema limevaliwa. Mlitaka nilijaribu wapi, kwenye beseni? Na hili la gauni yeye hakulijibu kabisa, alisema bosi yuko safarini.

Kuna jambo jengine ambalo halimo kwenye madai yangu, ila limo kifuani. Kwenye ukurasa wenu picha nyingi zimepigwa Mji Mkongwe, wanamitindo wakiwa na nguo za kuogelea mbele ya milango ya watu. Wageni wanaombwa kila siku wafunike mabega mpaka magoti wakipita mitaani, halafu duka la hapa hapa linawaonesha kinyume chake. Nguo ya ufukweni ina ufukwe wake. Bahari yote imetuzunguka, pigeni picha huko, tena mukipiga mlimwagie maji vazi lenyewe mara moja ili mnunuzi aone. Picha moja ya vazi lililoroa ingeniokoa mimi shilingi 185,000 na nyinyi barua hii.

Ninachotaka ni hiki. Nirudishiwe shilingi 425,000, yaani bei ya burkini la rangi ya mchanga na ya gauni, kwa njia ile ile niliyolipia. Sitaki vocha, na sitaki kubadilishiwa kwa "mzigo mpya unaokuja". Pia muondoe neno kitani kwenye gauni lile, ambalo mpaka jana usiku bado lilikuwa linauzwa kwa jina hilo hilo, na kwenye burkini la rangi nyepesi muandike wazi kwamba halina bitana. Wapo wanawake watakaolinunua hata hivyo, kuvaa juu ya nguo nyengine au kukaa nalo mchangani, ni hiari yao. Mimi sikupewa hiari hiyo, na niliiomba mara mbili kwa maandishi.

Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Zikipita bila jibu nitaipeleka pamoja na risiti, mazungumzo ya WhatsApp, burkini lenyewe na kile kidonge cha uzi, ambacho fundi amenifungia kwenye karatasi, kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, ambayo kazi yake ni pamoja na kumlinda mtumiaji. Nisingependa tufike huko, kwa sababu itabidi niwaoneshe maofisa jinsi vazi linavyokuwa likiroa, na aibu hiyo nimeshaionja mara moja.

Nguo zote mbili zimefuliwa kwa maji baridi, zimekunjwa, zimo ndani ya mfuko wenu ule ule wenye utepe. Yule kijana aliyeniletea mzigo kwa pikipiki anapajua kwangu, na yeye hana kosa, alikuja kwa adabu na chenji kamili. Mumtume siku yoyote baada ya alasiri. Asubuhi nipo skuli.

Wenu mteja,

Mwalimu wa Kikwajuni

Viambatisho: nakala ya risiti ya tarehe 9 Disemba, kurasa mbili za mazungumzo ya WhatsApp, picha ya lebo iliyokatwa. Picha ya burkini likiwa limeroa sikuiambatisha, na sababu mnaijua.