Barua kwa Rama: karakana yangu na lile swali lako la pamba ukutani

Rama mwanangu,

Za huko Keko, Dar? Shemeji na watoto wazima? Mama mpe shikamoo yangu, mwambie mwezi ujao nitampigia video nimuoneshe wajukuu. Sisi huku Minnesota tuko poa, baridi tu ndo hiyo haina adabu, juzi alfajiri simu inasoma hasi 24 na upepo juu yake usiseme.

Voisi noti yako nimeisikiliza yote. Umenicheka wee na ile picha ya karakana yangu imejaa pamba ukutani, eti Side siku hizi anashona magodoro badala ya kabati. Sawa. Lakini pale mwishoni ukauliza kwa siriaz kabisa kama na wewe ukijaza hiyo pamba ya kuzuia baridi na joto ukutani karakana itapoa, maana saa 7 mchana chini ya bati vijana wako hawapumui. Nikaona hili voisi haitoshi, ngoja nikuandikie ukae nayo. Jibu fupi ni hapana, usinunue pamba hata mfuko mmoja kabla hujasoma hadi mwisho.

Kwanza ujue nilichokuwa napigana nacho. Ile gereji ninayoitumia kama karakana nilipoihamia ilikuwa ganda tu, mbao za kusimama, nje wamepiga bodi, ndani hamna kitu, ukiangalia juu unaona kenchi, zile mbao zinazobeba paa, na misumari ya paa imetokeza na asubuhi ya baridi kila msumari umevaa barafu. Gundi ya mbao chini ya nyuzi 10 hivi haishiki, inakauka nyeupe yenye unga ukigusa joint inaachia. Meza ya msumeno ni chuma cha kusubu, ukiwasha hita ghafla hewa ikapata joto na unyevu, chuma bado cha baridi, kinalowa chote kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, kesho yake kutu. Na zile hita za gesi zisizo na bomba la kutolea moshi ndo balaa, maana kilo moja ya gesi ya propeni ikiungua inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, yaani unapasha chumba joto huku unakimwagia maji hewani, bila kusema habari ya moshi wenyewe na vumbi la mbao karibu na moto.

Kwa hiyo kazi ikaanza na umeme, maana ukishafunga ukuta umefunga. Huku umeme wa kawaida wa soketi ni volti 120 sio 230 kama huko, sasa mashine ileile inavuta ampea nyingi zaidi, msumeno una laini yake ya ampea 20, ile ya kufyonza vumbi laini yake, taa peke yake ili breka ikikata usibaki gizani na disku bado inazunguka. Soketi nimezipandisha juu zaidi ya kimo cha meza ili ukiegemeza plaiwudi ukutani isizizibe. Mkaguzi wa mji anakuja kuangalia waya ukuta ukiwa bado wazi, asipoweka sahihi hufuniki. Wengi huku wanamlalamikia, mi binafsi nilimpenda yule mzee, alikuta waya mmoja uko karibu mno na uso wa ubao akaniambia piga bamba la chuma hapo skrubu ya bodi isije ikautoboa. Na kabla ya kufunga nilipiga picha kila ukuta tepu ikiwa imelazwa chini, nijue waya uko sentimita ngapi toka kona. Hiyo fanya hata wewe, haina gharama.

Haya, pamba sasa. Mbao za ukuta wanaziita mbili kwa nne lakini ukipima ni inchi moja na nusu kwa tatu na nusu, huku wameshazoea na hakuna anayeshtuka. Zinasimama kila inchi 16 toka kati hadi kati, na pamba inauzwa tayari imekatwa upana unaokaa katikati kwa kubana, hupigi msumari wala gundi. Kuna ya kioo, hiyo ya waridi unayoiona kwenye picha nyingi, rahisi lakini inawasha balaa, na kuna ya mawe, wanayeyusha mwamba wa volkano pamoja na takataka za tanuru la chuma wanasokota nyuzi. Nilichukua ya mawe japo bei imesimama, sababu haishiki moto, ikilowa hailegei, na inameza kelele, jirani yangu ni mtu wa kulala mapema. Unaikata kwa kisu cha mkate chenye meno, inakatika safi kabisa.

Ila sikiliza Rama, pamba yenyewe haizuii chochote kama upepo unapita ndani yake. Kinachofanya kazi ni ile hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi isitembee. Ukiikandamiza sana hewa inatoka, umelipia bure. Ukiacha upenyo pembeni wa kidole tu baridi inapita hapohapo. Kwahiyo jioni nyingi nimezimalizia kwenye vitu ambavyo hata havionekani, silikoni pale ubao wa chini unapokutana na zege, povu la kopo kwenye kila tundu la waya, kuzunguka fremu za madirisha, na nyuma ya kila kiboksi cha soketi pamba nimeichana nusu ikapita mbele na nyuma ya waya badala ya kuisukuma ikabonyea. Wife akawa anauliza mbona wiki nzima sioni mabadiliko humo ndani. Nikamwambia mabadiliko utayaona kwenye bili.

Halafu ile nailoni uliyoulizia, mbona nimefunika pamba na nailoni kama nahama nyumba. Hapa ndo penye utamu wa kazi yote. Ndani kuna joto na unyevu, watu wanapumua, gundi inakauka, rangi inakauka. Nje ni hasi 20. Unyevu unasafiri toka kwenye joto kwenda kwenye baridi, unapita kwenye pamba taratibu, ukifika kwenye bodi ya nje unakuta baridi kali unageuka maji, na maji yanageuka barafu. Majira yote ya baridi inajijenga humo kimyakimya, ikija kuyeyuka mwezi wa nne mbao zimelowa, ukungu mweusi, kuoza. Sasa nailoni unaiweka upande wa ndani, upande wa joto, ili unyevu usiingie ukutani kabisa. Unene wake karibu milimita 0.15, maungio yanapishana unayapiga tepu.

Shika hilo la "upande wa joto", maana kwako linageuka. Ile ofisi ndogo ya kupakia vanishi unayotaka kuiwekea AC, Dar joto na unyevu viko NJE. Ukipiga nailoni ndani nyuma ya jipsamu kama picha yangu inavyoonesha, unyevu wa bahari utaingia toka nje, ukikutana na nailoni iliyopoozwa na AC utageuka maji nyuma ya bodi ambako huoni, na jipsamu ikilowa ni uji. Fundi yeyote atakayekwambia weka nailoni ndani kwa sababu kaona video ya Kanada, mpe chai umuage. Na hapo kwenye vanishi usisahau feni ya kutoa mvuke nje, AC peke yake inazungusha tu hewa ileile na mvuke wake, unakohoa kwa ubaridi.

Dari nimepiga jipsamu nene, ile ya inchi 5/8, sababu kenchi zimekaa mbalimbali inchi 24, ile ya nusu inchi ukiipa mzigo juu inabonyea baada ya muda. Ubao mmoja una kilo 30 na ushee, nilikodi mashine ya kunyanyua yenye gurudumu la kuzungusha, unapandisha bodi taratibu hadi inagusa unapiga skrubu. Kukodi ni hela ndogo ukilinganisha na mgongo. Juu ya dari nikapuliza magazeti. Usicheke. Ni magazeti ya zamani yamesagwa yakachanganywa na chumvi ya boroni ili moto usishike kirahisi na wadudu wasipende, unamimina kwenye mashine, mwenzio yuko juu na bomba, inakaa kina cha inchi 14 hivi. Kijana wangu ndo alikuwa analisha mashine, alitoka hapo hata nyusi hazionekani. Kitu kimoja cha kuangalia ni kule pembeni chini ya fishabodi, ule ubao wa ukingo wa paa, pana matundu ya kupitisha hewa ya darini, unaweka mifereji ya plastiki kwanza ili magazeti yasiyazibe, la sivyo unyevu unakosa pa kutokea.

Kuta sikupiga jipsamu, nimepiga plaiwudi kisha rangi nyeupe mikono miwili. Hapa tulibishana na jamaa wa Mombasa anayekaa mtaa wa pili, yeye anasema jipsamu ni rahisi, inapigwa skimu inakuwa laini na inakinga moto, na kweli anachosema kina maana, kama karakana imeshikana na nyumba sheria inakulazimisha jipsamu upande ule. Ya kwangu imesimama peke yake. Mi karakana naitaka nikiamka leo nataka shelfu hapa napiga skrubu hapahapa bila kutafuta ubao uko wapi nyuma. Nimezungushia ukuta mzima papi zilizochanwa kwa nyuzi 45, ubao mmoja umepigwa ukutani mdomo ukiangalia juu, mwingine nyuma ya kabati ukiangalia chini, unapachika tu na kuhamisha. Patasi, randa, klampu zote ziko ukutani sasa. Rangi nyeupe usiidharau, taa zilezile mwanga umeongezeka hadi naona mstari wa penseli bila miwani.

Sakafu bado inaning'ata miguu na lile lango kubwa la gereji ndo donda langu, nimelipiga mpira pembeni na chini lakini ukiweka mkono unasikia upepo. Hela ya lango lenye povu katikati itatoka mwaka huu ikitoka. Joto natumia AC ya ukutani ile ya vipande viwili inayotoa joto pia, haina moto wa wazi, naiacha nyuzi 10 usiku, asubuhi nikiingia naipandisha, na gundi sasa inashika.

Turudi kwako. Adui wako hatokei ukutani, kuta zako nusu ni wazi na upepo unapita, utajaza nini humo? Adui wako ni bati. Bati kuukuu lenye kutu saa 7 linapita nyuzi 60 kirahisi, na joto lake halisubiri hewa, linakupiga moja kwa moja kichwani kama mionzi. Ndo maana hata feni ikiwaka bado mnaungua. Anza na kilicho rahisi, paka bati rangi nyeupe juu, nyeupe kabisa ya bati, kabla ya hapo sugua kutu. Pili fungua juu, pale kwenye mgongo wa paa inua kofia uache mwanya wa kutokea hewa moto, uwekee kinga ya mvua. Hewa moto inapanda yenyewe ukiipa mlango, na pale chini umeshaacha wazi pa kuingilia.

Ukibaki na hela, chukua ile foili ya kung'aa inayouzwa kwa roli, ipige chini ya papi, zile mbao zinazoshika bati, upande unaong'aa ukiangalia chini, na katikati yake na bati acha nafasi ya inchi mbili tatu. Isigusane na bati, ikigusana joto la bati linaingia moja kwa moja kwenye foili. Na uso unaong'aa ukiangalia juu vumbi la mbao litatua juu yake mwezi mmoja kazi imekwisha, ndo maana nasema uangalie chini.

Ila nakuomba, usipige sponji la godoro wala lile povu jeupe la kwenye maboksi ya TV darini likabaki wazi. Najua ni bure na vijana watakushauri. Karakana ina maranda, tina ya kuyeyushia rangi, na mtu anayechomelea jirani, lile povu likishika linadondosha moto na moshi wake unaangusha mtu kabla hajaufikia mlango.

Nitumie urefu na upana wa paa, na unapima mwinuko toka kwenye ukuta hadi mgongoni, nikuhesabie roli za foili. Na niambie yale mabati ni ya geji gani na papi zimekaa umbali gani, maana kama fundi aliziweka mbalimbali usimpandishe mtu juu kupaka rangi bila kulaza ubao. Ule mninga uliobaki usiuze, nina mpango nao, nitakupigia Jumapili.

Ndugu yako,
Side