Nani alibaki na vyombo?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nijibu makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu filamu ya Sing Street. Mwandishi wenu ameisifia kama hadithi ya mapenzi, kisha akaupigia makofi ule mwisho wa mashua. Nami nimeitazama, mara mbili, kwenye simu ya binti yangu. Ile ni hadithi ya bendi, na bendi yenyewe imedhulumiwa.

Kwa ambao hawajaiona: ni Dublin, Ayalandi, mwaka 1985. Nyumbani hela imekata, kijana Conor anahamishiwa shule ya mabruda, mtaa wa Synge. Hajakaa sawa, mkuu wa shule anamkamata kwa viatu vya kahawia. Sheria inasema vyeusi. Hela ya kununua vingine hakuna, basi mtoto anatembea na soksi shule nzima. Hapo sikuhitaji mkalimani. Nani kati yetu hajawahi kutolewa mstarini kwa sababu ya viatu?

Ng'ambo ya barabara anamwona msichana, Raphina, anamwambia bendi yake inatafuta mtu wa kuonekana kwenye video. Bendi hana. Inabidi aiunde haraka kabla uongo haujaanza kunuka.

Tangu hapo filamu inanoga. Mazoezi ni kwa akina Eamon, kwa sababu vyombo viko kwao; baba yake ni mwanamuziki wa kupiga nyimbo za wanamuziki wengine. Eamon anapiga karibu kila kitu, na anafuga sungura. Conor akigonga mlango na maneno ya wimbo, Eamon yuko tayari, saa zote. Kijana mwingine, Darren, hajui kupiga chochote, kwa hiyo anakuwa meneja (jambo ambalo wanamuziki wa kwetu wamelizoea). Kanda yao ya kwanza ya kukopi bendi ya Duran Duran inafika kwa Brendan, kaka yake Conor, naye anaiharibu pale pale: mtatunga vyenu. Kaka wa namna hiyo ni mtaji.

Ila kuna Ngig. Wanamfuata kwao kwa sababu ni mweusi, wakidhani mweusi hakosi kujua kupiga kitu. Kweli anajua kinanda. Filamu inawacheka kwa ujinga huo, nami nilicheka. Lakini akishakaa kwenye kinanda chake, maneno anayopewa baada ya hapo ni ya kuhesabu. Hao wa gita la besi na ngoma ndiyo kabisa, ukiniuliza majina yao sasa hivi sitakutajia.

Halafu unakuja huo mwisho unaosifiwa. Wamepiga shoo shuleni, wamevalisha watu vinyago vya sura ya mkuu wa shule, ukumbi umewaka. Kisha Conor na Raphina wanapanda mashua ya babu na kuelekea Uingereza katikati ya mvua. Wawili. Mwandishi wenu anaita hayo ujasiri. Mimi nilikuwa nawaza kesho yake: nani atakuja kugonga kwa Eamon?

Nina sababu ya kuuliza. Nilipiga besi kwenye bendi ya vijana watano hapa Morogoro. Waya mmoja wa besi yangu ulikuwa wa breki ya baiskeli, na ukiukaza sana ulikuwa unalia kama mbuzi. Mwimbaji wetu alikwenda Dar "wiki mbili tu" na madaftari yote ya nyimbo. Simlaumu, sauti ilikuwa yake. Lakini sisi wanne tuliendelea kukutana Jumamosi tatu mfululizo, tukipiga bila mtu wa kuimba, mpaka wa ngoma akasema anaumwa.

Na jambo ambalo makala yenu haikuligusa ni hili: John Carney, aliyetengeneza filamu hiyo, alikuwa mpiga besi wa The Frames, bendi ya Dublin, miaka ya mwanzo ya 1990. Akaiacha, akaenda kwenye filamu. Lakini alirudi. Alipotengeneza Once, filamu ya bajeti ndogo sana, aliyemweka mbele ya kamera na gita ni Glen Hansard, mwimbaji wa bendi ile ile aliyoiacha. Wimbo mmoja wa filamu hiyo ukatwaa Oscar mwaka 2008. Mtu aliyewahi kusimama nyuma na besi, akajua pia njia ya kurudi, angeweza kuniachia dakika moja ya Eamon na sungura wake baada ya mashua kuondoka.

Besi yangu bado ninayo, na ule waya wa breki sijautoa.

Wako,
Mpiga besi wa zamani,
Morogoro