Shukrani kwako uliyetufumbulia hesabu ya nyuzi

Hukuacha jina, basi tunakushukuru hadharani. Tulilinganisha nyuzi za piano kwa uwiano safi wa 3:2 wa kasi ya mtetemo, noti hadi noti, lakini mzunguko wa hatua 12, unaopaswa kurudi kwenye noti ileile, ukakataa kufunga. Ulitueleza kwamba kosa haliko sikioni: 3/2 kwa kipeo cha 12 hutoa 129.75, ilhali oktavu 7, kila moja ikizidisha kasi ya mtetemo mara 2, ni 128. Ziada hiyo, karibu robo ya nusu-toni (hatua kati ya noti mbili jirani za piano), haifutiki, hugawanywa tu. Hivyo kila nusu-toni huwa na uwiano wa kipeuo cha 12 cha 2, yaani 1.05946. Kilichotufaa zaidi ni kipimo chako cha sikio: noti za hezi (mitetemo kwa sekunde) 440 na 659.26 zikilia pamoja, ukubwa wa sauti upande na kushuka takriban mara 3 kwa sekunde 2. Ikitulia kabisa, uzi wa juu umekazwa mno. Ahsante sana, mwalimu wetu.