Magari ya Chuma ya Bondeni

Ndugu yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako imenifikia, na swali lako sikutaka kulijibu kwa haraka, kwa kuwa najua halikutoka katika ubishi. Umeuliza: ikiwa Bwana alikuwa pamoja na kabila la Yuda, kama isemavyo Waamuzi 1:19, imekuwaje waitwae nchi ya milimani lakini wasiweze kuwafukuza watu wa bondeni kwa sababu ya magari ya chuma, yaani magari ya vita ya kukokotwa na farasi, ilhali Yesu asema katika Mathayo 19:26 kwamba kwa Mungu yote yawezekana?

Wako wanaojibu kwamba aliyeshindwa ni Yuda, si Mungu, na mjadala ukaishia hapo. Ni kweli, lakini mimi halinitoshi, maana mstari wenyewe umetanguliza kusema kwamba Bwana alikuwa pamoja nao.

Tazama magari hayo yanapotajwa kwingine. Katika Yoshua 17 wana wa Yusufu, sehemu nyingine ya Israeli, wanayalalamikia, na kiongozi wao Yoshua anawaambia kwamba watawafukuza Wakanaani, wenyeji wa nchi ile, wajapokuwa nayo. Kisha katika Waamuzi 4 anatokea Sisera, jemadari wa Wakanaani, na magari 900, wakati ambao, kwa mujibu wa wimbo wa nabii Debora katika sura ya 5, ngao wala mkuki havikuonekana kati ya watu 40,000 wa Israeli. Hata hivyo, Baraka, kiongozi wa jeshi la Israeli, aliposhuka mlima Tabori na watu 10,000, Bwana alilifadhaisha jeshi lile, mto Kishoni ukawachukua, na Sisera mwenyewe akaliacha gari lake akakimbia kwa miguu. Chuma, basi, hakikumzuia Mungu.

Kinachonigusa zaidi ni Waamuzi 1:28, ambapo tunaambiwa kwamba Israeli walipopata nguvu hawakuwafukuza Wakanaani, bali waliwatia katika kazi ya shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa. Nguvu walizozililia zilipopatikana, walizitumia kujipatia watumishi! Ndiyo maana katika sura ya 2 malaika wa Bwana, alipofika Bokimu kutoka Gilgali, anawakemea kwa kutoisikia sauti ya Mungu, wala magari hayataji kabisa.

Hata hivyo, mstari huo wa 28 wasema habari za Israeli kwa jumla, na sithubutu kuibebesha Yuda lawama hiyo moja kwa moja. Hapo bado natafakari. Nakuomba usome sura zote tano za kwanza za Waamuzi kwa mfululizo, kisha uniandikie uonavyo wewe kuhusu Yuda.

Ndimi rafiki yako katika Kristo.