Mlima wa Aberfan haukujiponya

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie makala yenu ya safari kuhusu mabonde ya kusini mwa Wales. Mwandishi wenu alifika Big Pit, kule Blaenavon, akavaa kofia yenye taa, akashuka chini ya ardhi. Hapo sina neno. Mgodi ule ulifungwa 1980, ukafunguliwa tena 1983 kama makumbusho, na Blaenavon kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 ni haki yake. Kilichonikera ni zile aya za Aberfan, anaposema kwamba maumbile yameuponya mlima na sasa ni kivutio cha kutuliza roho. Maumbile hayakuuponya.

Aberfan ni kijiji cha wachimbaji wa makaa ya mawe katika bonde la mto Taff. Kifusi cha mgodi wa Merthyr Vale kilikuwa kinapandishwa mlimani, juu ya nyumba za watu, na kumwagwa huko hadi yakawa malundo saba. Lile la saba lilianzishwa 1958, juu ya chemchemi. Wala si kwamba hakuna aliyeliona hilo: mwaka 1963 mhandisi wa halmashauri aliandika barua kuonya juu ya tope la makaa lililokuwa likimwagwa nyuma ya shule ya Pantglas. Lundo likaendelea kukua. Ijumaa, Oktoba 21, 1966, siku ya mwisho kabla ya likizo fupi, watoto wakiwa ndiyo kwanza wameingia darasani, likaporomoka hadi kuifunika shule na nyumba za jirani. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto.

Sasa kuhusu huko kupona. Baada ya mazishi, malundo mengine yalibaki palepale, juu ya vichwa vya wafiwa. Tume ya uchunguzi ya Jaji Edmund Davies ilikaa siku 76, ikalibebesha lawama Shirika la Taifa la Makaa ya Mawe, lililomiliki mgodi ule. Hakuna aliyeshtakiwa, hakuna aliyefukuzwa kazi. Wazazi walipotaka malundo yaondolewe, wakazungushwa. Mwishowe walibeba tope la makaa hadi Cardiff na kulimwaga katika ofisi ya serikali. Serikali ikakubali kuyaondoa, ila mfuko wa maafa uchangie pauni 150,000. Yaani rambirambi, mhariri! Fedha walizochanga watu kwa ajili ya waliofiwa zikatumika kuzoa taka za shirika lililowaulia watoto. Zilirudishwa 1997, pauni zilezile 150,000, bila hata senti ya riba, kana kwamba miaka karibu 30 haikupita. Hadi 2007 ndipo serikali ya Wales ilipotoa pauni milioni 1.5 kwa mfuko wa kumbukumbu.

Kwa hiyo nyasi alizozisifu mwandishi wenu zina waliozilipia. Ukisimama makaburini, kwenye safu za matao meupe ya granaiti, ukatazama mlima, huoni kitu. Ni mteremko kama mingine yote ya Wales, wenye majani na kondoo. Mgeni akiambiwa kilichokuwepo pale ataona mambo yametiwa chumvi. Huko kutoonekana kitu ndiko watu wa Aberfan walikokupigania, na kwangu mimi urithi huo ni mkubwa kuliko mtambo wowote wa mgodi uliopakwa rangi upya. Wales yenyewe imelielewa hilo: katika rejista yake ya bustani za kihistoria haikuandikisha makaburi na bustani ya kumbukumbu peke yake, bali pia eneo la malundo na njia kilikopita kifusi.

Wales ina malundo ya makaa zaidi ya 2,000 hadi leo, mengi yakiwa yameota nyasi na kuonekana vilima vya kawaida. Februari 2020, baada ya mvua za kimbunga Dennis, moja liliporomoka kule Tylorstown. Hakufa mtu. Makala ya safari inayowaambia wasomaji kwamba ardhi hii imejiponya inawapa serikali na wenye ardhi kisingizio wasichostahili.

Naomba aya zile zisahihishwe. Na ile picha ya msafiri anayetabasamu mbele ya matao iondolewe kabisa; chini ya matao yale wamelala watoto wenye ndugu walio hai, na baadhi ya ndugu hao walitolewa kwenye tope lilelile. Anayetaka kupiga picha ya mgodi akapige Big Pit.

Msomaji wenu,
Cardiff