Bodi si mbovu, mwanafunzi hajapewa ruhusa

Ndugu Mhariri,

Nina duka la vipuri vya elektroniki Kariakoo. Naomba nafasi niseme na wanaosimamia maabara za kompyuta vyuoni, maana lawama zao zinaishia mezani kwangu. Kijana ananunua bodi ya Arduino au ESP32 (vibodi vidogo vya kujifunzia elektroniki, vinavyopakiwa programu kutoka kwenye kompyuta) kwa hela ya kujibana, keshokutwa anarudi amenuna: "Mama, umenipiga. Bodi mbovu hii."

Naichomeka kwenye laptopu yangu mbele yake, programu inaingia, taa inawaka. Ukimdadisi, utasikia chuoni wanatumia Ubuntu, aina mojawapo ya mfumo wa Linux, na kila akipakia programu anajibiwa "Permission denied" (yaani huna ruhusa) kwenye /dev/ttyUSB0. Sasa jibu hilo lenyewe linaonyesha kosa hilo si la bodi! Kompyuta imeiona. Asiyeruhusiwa kuongea nayo ni mtumiaji.

Kwenye Linux, bodi ikichomekwa hufunguliwa faili lake ndani ya /dev: ttyUSB0 kwa zenye chipu ya USB kama CH340, ttyACM0 kwa Arduino Uno halisi. Ubuntu na Debian hulikabidhi faili hilo kwa root (msimamizi mkuu wa kompyuta) na kundi la watumiaji liitwalo dialout. Usipokuwemo kundini, husomi wala huandiki. Dawa ni mstari mmoja:

sudo usermod -aG dialout jina_la_mtumiaji

Kisha mhusika atoke kwenye akaunti yake na kuingia upya. Kufunga teminali na kuifungua tena hakutoshi, kwa sababu makundi husomwa mtu anapoingia. Na hiyo herufi a isirukwe. Ukiandika -G peke yake, mtumiaji anatolewa kwenye makundi yake mengine yote, la sudo (linalompa mamlaka ya msimamizi) likiwemo, na hapo ndipo mtatafuta fundi kwelikweli. (Wenye Arch Linux, kundi lenu ni uucp.)

Kinachoniudhi ni njia za mkato wanazofundishwa vijana. Wengine wanaambiwa wapige chmod 666 kwenye faili hilo, yaani kila mtu aruhusiwe kulisoma na kuliandika. Inakubali, mpaka waya uchomoke. Ukiurudisha, faili linaundwa upya na ruhusa zake za mwanzo, mchezo unaanza tena. Wengine wanafungua programu nzima ya Arduino kwa sudo, kesho mafaili yao yamekuwa mali ya root na hawawezi kuyahifadhi wenyewe. Mmoja alinisimulia kwamba darasa lao limeandikiwa paswedi ya root ubaoni. Hiyo ni sawa na kumpa konda funguo za gereji nzima kwa vile mlango wa daladala moja umegoma.

Lipo tatizo jingine linalofanana na hili ila si la ruhusa. Kwenye Ubuntu 22.04, bodi ya CH340 inaonekana kidogo kisha ttyUSB0 inapotea. Andika sudo dmesg, amri inayoonyesha taarifa za mfumo, utaona brltty imeinyakua. Hiyo ni programu ya vifaa vya maandishi ya nukta nundu vya wasioona, na kipo kifaa cha aina hiyo chenye namba ileile ya USB, 1a86:7523, kwa hiyo inadhani imepata chake. Wengi huiondoa kwa sudo apt remove brltty. Sawa, lakini ulizeni kwanza kama kuna mwanafunzi asiyeona anayeitegemea kompyuta hiyo. Akiwepo, zimeni ile kanuni ya brltty yenye namba hiyo tu. Na kama dmesg haisemi lolote ukichomeka, badilisha waya kabla ya kugusa kitu kingine. Nyaya nyingi za simu ni za kuchajia tu, hazipitishi data.

Ombi langu kwa wasimamizi: mnapofungua akaunti za wanafunzi, waingizeni dialout siku hiyohiyo. Mahali ambapo watumiaji hubadilika kila mara, wekeni kanuni ya udev (sehemu ya Linux inayosimamia vifaa vinavyochomekwa) yenye TAG+="uaccess", ili ruhusa imfuate aliyeketi kwenye mashine. Jina la faili la kanuni lianze na namba iliyo chini ya 73, vinginevyo haitafanya kazi. Yote hayo hayahitaji bajeti wala kikao.

Kwa upande wangu, kila bodi naijaribu mteja akiona kabla hajalipa. Atakayetaka kuirudisha aje na kompyuta iliyoikataa, tuifungue pamoja.

Muuza vipuri,
Kariakoo, Dar es Salaam