Barua ya wazi kwa binamu anayetaka kuvuka bahari peke yake

Binamu,

Habari yako nimeipata: Mombasa mpaka Mahé, Ushelisheli, kwa tanga, bila mwenzi. Sikuandikii kukuzuia. Nakuandikia kwa sababu bado uko hapa Nairobi, na sehemu kubwa ya kujikinga na dharura za baharini hufanywa nchi kavu.

Safari yenyewe ni kama maili 950 za baharini. Ukienda maili 5 kwa saa, ni siku nane. Huko katikati helikopta haifiki. Ukiwasha EPIRB, yaani kifaa cha kuomba msaada wa dharura baharini, ishara yake ya 406 MHz hupokewa na satelaiti, ikafikishwa kwa waratibu wa uokoaji, nao wakaomba meli ya mizigo iliyo jirani igeuze njia. Meli ya maili 15 kwa saa iliyo umbali wa maili 360 itakufikia baada ya saa 24. Basi maandalizi yako yote ni ya saa hizo za kungoja, pengine zaidi. Septemba 2018 Abhilash Tomy wa India, akiwa peke yake kusini mwa Bahari ya Hindi, alivunjikiwa milingoti na kuumia mgongo. Alilala chomboni siku tatu hivi kabla ya meli ya Ufaransa kumfikia.

La kwanza, usianguke. Usukani wa kujiendesha hausikii mayowe. Chombo kitakuacha mita 150 kila dakika. Tandika mkanda wa usalama kutoka tezi hadi omo, upite katikati ya sitaha wala si ukingoni, na ugwe wako, ile kamba inayokuunganisha na mkanda huo, uwe mfupi kiasi kwamba ukiteleza unabaki ndani. Mkanda uwe bapa. Kamba ya mviringo hubingirika chini ya mguu. Kisha itazame vizuri kulabu ya ugwe. Ikivutwa moja kwa moja hustahimili uzito mkubwa, lakini ikinasa chini ya chuma cha kufungia kamba na kuvutwa kiupande, hupinda ikafunguka. Pitisha mkanda mbali na vyuma hivyo. Kisu na kitoa ishara kidogo viwe mwilini, maana vikiwa kabatini ni vya chombo, si vyako.

Kuhusu usingizi: meli iendayo maili 18 kwa saa ikija uso kwa uso nawe, umbali wa maili 8 unaisha kwa dakika 21 hivi. Ndiyo maana mabaharia wa peke yao hulala dakika 20 kwa 20 karibu na njia za meli. AIS, yaani redio ya vyombo kutambulishana mahali vilipo, ikiwa na king'ora husaidia, ila haioni mashua isiyobeba AIS, na za aina hiyo ni nyingi pwani yetu.

Sasa maji. Tundu la sentimita 5 lililo sentimita 60 chini ya usawa wa maji huingiza zaidi ya lita 200 kwa dakika. Hakuna mtu mmoja atakayeyafua hayo, yaani kuyatoa chomboni, kwa pampu ya mkono. Ni kuziba kwanza, kufua baadaye. Nenda kwa mafundi wa mbao Gikomba wakukatie vizibo vya umbo la koni, vya mbao laini kama saipresi, kwa sababu mbao laini hunywa maji ikavimba na kukaza. Kila tundu la bomba lifungiwe kizibo chake kwa uzi, palepale lilipo, ukipate hata gizani. Vibano vya mpira wa bomba viwe viwili kila mwisho. Ukivinunua Kirinyaga Road beba sumaku: mara nyingi mkanda wa kibano haushiki kutu lakini skrubu ni chuma cha kawaida. Sumaku ikiing'ang'ania skrubu, kirudishe. Na ukikuta maji kwenye banduru, pale chini kabisa ya chombo, yaonje kabla ya kuhangaika. Yakiwa hayana chumvi, ni tangi lako linavuja.

Mlingoti ukianguka hugeuka nyundo ya kutoboa ubavu, kwa hiyo mkasi wa kukatia nyaya zinazoushikilia uwe karibu na mlango.

Chelezo cha kujaa upepo ni cha mwisho kabisa. Katika mashindano ya tanga ya Fastnet ya 1979, kati ya Uingereza na Ayalandi, vyombo 24 vilitelekezwa, na vitano tu ndivyo vilivyozama. Wanamashindano 15 walikufa. Hama pale chombo kinapokwenda chini kweli. Funga kamba ya chelezo kwenye chuma imara kabla hujakitupa, ndipo uivute mpaka mwisho na kuishtua ili kijae. Asiyeifunga hukiona kikichukuliwa na upepo. Mazoezi ya kupanda ukiwa umevaa jaketi lililojaa hewa fanya kwenye bwawa la kuogelea, si kwenye upepo wa kusi. Fataki za kuomba msaada nunua Mombasa, ndege hazizipokei.

Mwisho, EPIRB yako. Kama ni ya mtumba, ndani yake mna namba ya nchi ya mwenyewe wa kwanza, na swali la kwanza litapelekwa huko. Ibadilishwe namba, isajiliwe kwa jina lako. Penye simu ya dharura andika yangu. Waratibu wa uokoaji watanipigia kuuliza kama kweli uko baharini, kwa hiyo kabla hujaondoka niachie picha ya chombo ubavuni, rangi ya chelezo, dawa unazotumia, akiba ya maji kwa lita, na saa ya kila siku utakayonitumia mahali ulipo. Tukubaliane pia ni saa ngapi za kimya ndizo zitanifanya nipige simu mimi. Mimi napendekeza 24.